Bakuli la Shwarini

Wewe unayesoma, usijifanye hujui. Ulimwona yule mama jirani yako. Ulimkuta bombani asubuhi, kanga kaivuta mpaka kwenye jicho, ndoo kaishika kwa mkono mmoja na wa pili kaubana kifuani, na wewe, mtu mzima na akili zako, ukamuuliza kama leo maji yanatoka vizuri. Maji! Ukachota, ukajitwika, ukaenda zako. Na mwezi uliofuata, mtoto wake alipopakiwa kwenye pikipiki ya baba yake kwa amri ya ofisi ya ustawi, ulisema, "Afadhali, mtoto hawezi kukua bila baba." Ulisema huku umeshageuza shingo. Mimi hukumbuka nani alisema nini, na alikuwa amesimama wapi aliposema. Wewe ulisimama karibu na duka la mafuta ya taa.

Basi, kwa kuwa ya mtaani kwako hutaki kuyaona, nitakusimulia ya mbali. Nitakupeleka nchi ya Shwarini. Huko huna shemeji wala bosi, wala huna jina la kulinda. Labda utaweza kutazama mpaka mwisho.

Njia ya kufika nisikuchoshe nayo. Nilifika, wakanigongea muhuri wa kibali cha miezi minane, nikaingia mjini. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba nchi ile inaabudu utulivu. Watu wakikutana huulizana, "Shwari?" na jibu ni moja tu, "Shwari." Jibu la pili halijatungwa. Nilimwona mtu kaangukiwa na tofali mguuni, mwenzake akamuuliza, "Shwari?" naye, jasho likimtiririka, akajibu, "Shwari." Bawaba za milango zimefungwa vitambaa ili mlango usibamize. Sokoni wauza samaki hunong'ona bei. Jogoo anayewika kupita kiasi huchinjwa Ijumaa. Kuta za nyumba ni nene kuliko za gereza, na fundi akijenga ukuta mwembamba hupelekwa mbele ya sheria, kwa kuwa ukuta mwembamba, wanasema, huvujisha habari.

Siku ile ya kwanza nilidhani nimefika peponi. Ya kumi nikapelekwa Nyumba ya Kipimo.

Ndiko yanakoamuliwa mashauri ya watoto, wazazi wanapoachana. Mwenyeji wangu alikuwa Bi Zamoyoni, mpimaji wa daraja la kwanza, mwanamke mpole, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, kalamu za rangi tatu mfukoni. Ningependa kukuambia alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya kazi yangu ingekuwa nyepesi. Alikuwa mwema, alisoma sana, na aliwapenda watoto. Ukutani kwake alibandika michoro yao ya nyumba na jua.

Alinionyesha ukumbi. Sakafu yote ilikuwa imetandazwa unga mweupe wa mahindi, umesawazishwa kwa ubao kama shamba la mpunga. Mwanzoni mwa ukumbi palikuwa na meza, na juu ya meza bakuli la enameli lenye ua jekundu, limejazwa maji mpaka ukingoni kabisa.

"Kila mzazi hulibeba bakuli hili hatua ishirini," alinieleza. "Tone likianguka, linachimba kishimo kwenye unga. Karani anapita na kijiti, anahesabu vishimo. Aliyemwaga machache ndiye mtulivu. Na mtulivu ndiye mzazi."

"Na huu unga baadaye?"

"Unatupwa. Umeshatumika kwa haki."

Nilitazama dirishani. Nje, kwenye benchi, kulikuwa na watoto watatu wakilamba vidole.

"Bi Zamoyoni," nikamwambia, "na kama mmoja anatetemeka kwa sababu mwenzake alimpiga?"

Alitabasamu kama mwalimu aliyesubiri swali hilo. "Kila mgeni huuliza hivyo. Mtoto anahitaji mikono isiyotetemeka. Wewe ungempa mwanao mtu anayetetemeka?"

"Ningetaka kujua kwanza nani aliyemtetemesha."

"Hayo ni Yaliyopita."

Alilitamka hilo kama jina la idara, na kumbe kweli ni idara. Alinipeleka nyuma ya ukumbi akanionyesha kabati refu la chuma. Humo, alisema, ndimo vinamowekwa vyeti vya zahanati, picha za majeraha, nguo zilizochanika, barua za polisi. Mtoto anaishi mbele, sheria yao inasema, wala hafai kuamuliwa kwa mambo ya nyuma. Cheti kikiletwa hupokewa kwa heshima, mletaji hupewa risiti, na cheti huingia kabatini.

"Na hufunguliwa lini?"

Akafikiri. "Tangu nianze kazi hapa, miaka kumi na sita, sijaona likifunguliwa. Ufunguo alikuwa nao mwenzetu mmoja, akastaafu nao."

Asubuhi hiyo kulikuwa na shauri. Niliketi benchi la wanaosubiri, pembeni ya mwanamke mwembamba aliyevaa gauni alilolishona mwenyewe. Nilijua kwa sababu alikuwa bado anang'ata uzi wa pindo. Jina lake Mwanamkuu, lakini wote walimwita Mama Tausi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungana vibaya, umepinda chini ya kiwiko. Kando yake aliketi Tausi mwenyewe, msichana wa miaka saba, miguu haifiki chini.

Mama mmoja mnene wa benchi la nyuma akamwinamia. "Mwenzangu, usile kitu kabla. Mimi nilikunywa chai ya rangi, nikamwaga matone arobaini na tisa. Karani akaniuliza kama nimekuja kupimwa au kumwagilia bustani."

Mama Tausi akacheka kwa kuziba mdomo, maana kicheko nacho kina faini.

"Wakakuamulia nini?" nikauliza.

"Waliniamulia kupumzika," akajibu yule mama. "Mpaka leo napumzika. Wanangu wawili wako kwa baba yao, mimi nimepumzika hadi nimenenepa."

Baba akaitwa kwanza. Bwana Shekuwe alikuwa fundi saa. Sikiliza vizuri hapo: fundi saa, mtu ambaye riziki yake ni kuokota skrubu ndogo kama punje ya ufuta na kuirudisha mahali pake. Aliinua bakuli kama anainua karatasi. Alitembea hatua ishirini, akamtazama binti yake katikati ya njia, akamkonyeza. Karani alipita na kijiti mara mbili. Hakukuta kishimo hata kimoja.

"Maashallah," Bi Zamoyoni alisema kwa sauti ya chini, na akaandika kwa kalamu ya kijani.

Akaitwa mama. Alilinyanyua bakuli kwa mkono mzima, ule uliopinda akausindikiza tu. Hatua ya kwanza, ya tano, ya tisa, maji yalicheza ukingoni lakini hayakumwagika. Hatua ya kumi na moja, Bwana Shekuwe, aliyesimama mwisho wa ukumbi, akakohoa. Kikohozi kidogo cha adabu, ngumi mdomoni.

Maji yaliruka kama yamepigwa.

Vishimo thelathini na kimoja. Karani alivihesabu kwa sauti, kimoja kimoja, na Mama Tausi alisimama palepale bakuli likiwa kifuani, gauni limelowa.

"Umesikia alivyokohoa?" nikamwambia Bi Zamoyoni.

"Kukohoa si kosa, mgeni wetu. Kuna vumbi la unga."

Kabla ya uamuzi, mtoto naye huulizwa. Wasije wakasema nawasingizia. Bi Zamoyoni alimwita Tausi, akampa biskuti, akapiga magoti wawe kimo kimoja.

"Unampenda baba, mwanangu?"

"Ndiyo."

"Safi. Na ungependa kukaa kwa baba?"

Tausi alitazama biskuti. "Naogopa."

Bi Zamoyoni hakushtuka. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifuata kwa kidole. Katika Shwarini kuna orodha ya maneno ambayo mtoto chini ya miaka kumi hawezi kuwa nayo mwenyewe. *Naogopa* ni la nne kutoka juu. Mtoto akilitamka huandikwa kuwa ni neno la kuazima, na aliyemwazima huwa ni mama. Basi akaandika, safari hii kwa kalamu nyekundu: *Mama anampa mtoto maneno.* Kosa hilo kwao ni kubwa kuliko kuvunja mkono. Mkono uliovunjika ni Yaliyopita, lakini neno la kuazima, wanasema, linaharibu kesho.

Msawazishaji, ndivyo wanavyomwita hakimu wao, alisinzia kidogo kisha akasoma: siku nne za wiki Tausi kwa baba, tatu kwa mama, hadi kipimo cha pili baada ya miezi saba.

Nilikuwa natafuta chumba. Mama Tausi alikuwa na chumba cha uani. Ndivyo nilivyokaa kwake miezi ile saba, na niliyoyaona sikusimuliwa.

Niliona Tausi akirudi kutoka kwa baba yake kila Alhamisi. Aliingia bila kusukuma mlango, aliupita kwa ubavu pale ulipo wazi. Alijifunza kupiga chafya bila sauti. Alipanga sahani mezani, kila moja akiishusha kama anaweka yai. Siku moja mama yake alidondosha kifuniko cha sufuria, na yule mtoto akajitupa chini ya meza, akakaa humo akihesabu kwa midomo.

"Unahesabu nini, mama?" Mama Tausi akamuuliza, akiwa amejikunja chini ya meza pamoja naye.

"Skrubu."

Siri ikatoka polepole, kama mwiba. Bwana Shekuwe alikuwa anamweka bintiye mezani kwake, anampa kisahani cha skrubu za saa, azipange kwa ukubwa kwa kibano. Alikuwa amemwambia, kwa upole kabisa, "Ukidondosha moja, nitakuja kwa mama yako kuchukua mkono wa pili."

"Sijadondosha hata moja," Tausi akasema. Alisema kwa fahari. Alitaka kupongezwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Tausi alikwenda Nyumba ya Kipimo, nami nikamsindikiza. Alieleza yote, neno kwa neno, bila kupaza sauti. Bi Zamoyoni alisikiliza, akaguswa, akamshika bega.

"Dada, najua una uchungu. Lakini hebu tuyatazame kwa jicho jema. Baba anakaa na mtoto. Anamfundisha kazi. Wangapi wana baba wa namna hiyo?"

"Bi Mpimaji, anamtisha kwa mkono wangu."

"Mume mbaya anaweza kuwa baba mzuri. Tumelisoma hilo. Yeye alikupiga wewe, kama alikupiga, mtoto hajamgusa."

"Aliponivunja, mtoto alikuwa amenishika gauni."

Bi Zamoyoni alivaa miwani akafunua faili. "Hapa mmeandika alikuwa chumba cha pili."

"Aliandika yeye."

"Basi pande mbili zinatofautiana," Bi Zamoyoni akasema kwa faraja, kama mtu aliyepata kiti. Akaandika, nami nilisoma kwa kupindua kichwa: *Uhusiano wa baba na mtoto unakua. Mtoto anajifunza ufundi. Mama bado anampa mtoto maneno.*

Mwezi wa nne niliingia kwenye mkutano mkuu wa wapimaji wa nchi nzima. Walikuwa mia mbili na zaidi. Mjadala wa mwaka ule ulikuwa huu: tone likianguka juu ya kiatu cha mzazi, kisha likateremka kwenye unga, lihesabiwe au lisihesabiwe? Walijadiliana siku tatu. Wapo waliosema kiatu ni sehemu ya mzazi. Wapo waliosema kiatu ni sehemu ya sakafu. Daktari mmoja alitokwa na machozi akitetea viatu vya wazi. Walimaliza kwa azimio kwamba mama aje miguu mitupu, ili utata uondoke. Katika siku zote tatu, kati ya watu mia mbili waliosomeshwa kwa kodi ya wauza samaki, sikusikia hata mmoja akiuliza maji yanamwagika kwa nini.

Lakini Mama Tausi alikuwa ameshaacha kungoja waulize. Alikuwa ameamua kujifunza bakuli.

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, alijaza bakuli akatembea uani. Wiki za mwanzo ua ulikuwa matope. Akaniomba nikohoe. Sikutaka. "Kohoa, mgeni," akasema, "bora wewe." Basi nikawa namkoholea. Nilikohoa nikiwa nyuma yake, nikakohoa mlangoni, nikakohoa ghafla alipokuwa ameshasahau. Mwezi wa pili alimwaga kumi. Wa tano, matatu. Alijifunza kuuacha mwili wake utembee peke yake, yeye akiwa mahali pengine. Macho yake yalikuwa yanakauka kabisa, kama ya samaki wa jana. Siku aliyovuka ua mzima bila tone, Tausi alimpigia makofi ya vidole viwili, yasiyo na sauti.

"Sasa watanirudisha?" Tausi akauliza.

"Sasa hawana la kusema," akajibu mama yake.

Kumbe walikuwa nalo.

Siku ya kipimo cha pili ukumbi ulijaa. Bwana Shekuwe akapita: sifuri. Mama Tausi akavua viatu kama azimio linavyotaka, akalinyanyua bakuli. Hatua ya kumi na moja Bwana Shekuwe akakohoa. Maji hayakutikisika. Hatua ya kumi na tano akakohoa tena, sasa bila ngumi mdomoni. Hayakutikisika. Akafika mwisho, akalitua bakuli. Karani alipita na kijiti mara tatu, akapiga magoti, akavaa miwani ya jirani yake. Hakukuta kitu. Yule mama mnene wa benchi la nyuma alikuwa analia kwa furaha, kanga kaitia mdomoni.

Msawazishaji akaamka kabisa. "Bi Mpimaji, tufafanulie."

Bi Zamoyoni alisimama. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hilo sitalisahau.

"Mheshimiwa, miezi saba iliyopita mama huyu alitetemeka akasema ni kwa sababu ya kipigo. Leo hatetemeki. Mwanamke aliyevunjwa mkono, anayemwogopa mtu, hawezi kulibeba hivi mbele ya mtu huyo. Kitaalamu haiwezekani. Kwa hiyo ama hakupigwa, au alimwaga makusudi safari ile. Kwa vyovyote vile, ametudanganya. Na tazama macho yake, Mheshimiwa. Hana hisia. Mtoto hawezi kulelewa na mtu baridi namna hii."

Akimwaga, hafai. Asipomwaga, mwongo.

Hapo nilisimama nikapiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, na mimi si mtu wa kusahau. Niliwaambia wafungue kabati. Niliwaambia mkono huo hapo, umepinda, wautazame. Niliwaita majina ambayo kule hayana tafsiri. Sauti yangu iligonga kuta zile nene ikanirudia. Nilipotulia, niliona karani ameinama, anachoma unga kwa kijiti chake. Kishimo. Kishimo. Kishimo.

"Unafanya nini?"

"Kelele za upande wa mzazi huhesabiwa kwa mzazi," akasema. "Mgeni amekaa kwake. Matone kumi na mawili."

Mama Tausi alinigeukia. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Kaa chini, mgeni. Unanimwagia."

Nikakaa.

Uamuzi: Tausi siku zote saba kwa baba. Mama atamwona mara moja kwa mwezi, saa moja, ndani ya Nyumba ya Kipimo, mpimaji akiwapo. Akitokwa na machozi, saa inakatwa.

Kesho yake adhuhuri walimkabidhi mtoto getini. Bwana Shekuwe alikuja na mwavuli, jua lisimchome binti. Bi Zamoyoni alikuwa na biskuti. Tausi alimwamkia baba yake shikamoo, akasimama kando yake. Kisha akaanza kutembea, na nilichokiona ni hiki: alikuwa ameinyoosha mikono yake mbele, viganja juu, vimekutana, macho kayakazia hapo, na anainua miguu taratibu. Hakuwa ameshika kitu. Alikwenda hivyo mpaka walipokata kona.

"Mnaona alivyo mtulivu?" Bi Zamoyoni alituambia. Alisema kutoka moyoni.

Nilirudi mlangoni pa Nyumba ya Kipimo nikasoma kila karatasi iliyobandikwa pale, kwa kuwa mlango wa sheria huwa na ufa mahali. Chini kabisa, herufi ndogo, palikuwa na kifungu cha zamani: uamuzi wa mtoto haufungwi hadi siku thelathini zipite, na ndani ya siku hizo jirani yeyote aliyeona kwa macho yake akija kusema alichokiona, na siku aliyokiona, kabati la Yaliyopita lazima livunjwe na shauri lianze upya. Si mgeni, mgeni hana neno mpaka atimize mwaka. Jirani.

"Kimewahi kutumika?" nikamuuliza karani.

"Hapana. Nani atakiri kwamba anachungulia nyumba za watu?"

Jirani alikuwapo. Bi Kibibi, mjane wa nyumba ya kushoto, mama wa watu, asiyekosa kutuletea kisamvu. Siku ile mkono ulipovunjwa, Mama Tausi alitoka nje akaangukia kizingitini kwa Bi Kibibi, na ni Bi Kibibi aliyemfunga kwa vibao viwili vya kreti ya soda na kipande cha kanga yake. Alimwona Bwana Shekuwe amesimama mlangoni na mchi. Alimwona Tausi amening'inia kwenye gauni. Aliniambia yote haya mwenyewe, akichambua mchele, bila kuniangalia.

"Basi twende ukayaseme, Bi Kibibi. Siku thelathini tu."

"Mwanangu, nyumba ya mtu ni ya mtu."

"Ulimfunga vibao."

"Kumfunga nilimfunga. Kusema ni kitu kingine. Huyu Shekuwe ananiamkia kila siku. Saa ya marehemu mume wangu alinitengenezea bure."

"Mtoto je?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Kesho," akasema. "Acha nitulize moyo. Nitakwenda kesho."

Siku ya tano alisema kesho. Ya nane alikuwa na mafua. Ya kumi na mbili alivaa, akatoka hadi barabarani, akakutana na mtu akaulizwa, "Shwari?" akajibu, "Shwari," akarudi ndani. Ya kumi na saba nilimkuta Mama Tausi kakaa sakafuni mbele ya mlango wa Bi Kibibi. Bi Kibibi mwenyewe alikuwa upande wa pili wa mlango. Wanawake wawili, mbao moja kati yao.

Siku ya kumi na tisa kibali changu kiliisha, wakanitoa. Zilibaki siku kumi na moja. Sijui kama alikwenda. Nimeuliza wasafiri, kila ninayemuuliza habari za Shwarini hunijibu neno moja, lile lile walilonalo.

Ya kule siwezi tena. Ya kwako unaweza, na hayapo mbali. Usiniambie ofisi zetu hazina unga sakafuni. Nimekaa kwenye mabenchi yake, nimesikia mama aliyelia akiandikwa "hana utulivu," na aliyenyamaza akiandikwa "hana uchungu na mwanawe." Nimemsikia afisa akisema mtoto hajaguswa. Ninazo tarehe, na siku moja nitazisoma hadharani na majina ya waliosema.

Wewe mwenye kalamu, mwenye faili mezani hivi sasa: karatasi ya hospitali umeibana mwisho kabisa, nyuma ya barua ya mwenyekiti wa mtaa. Itoe. Isome leo, kabla hujaandika tena "pande zote mbili." Ukishaisoma, muulize mtoto anachoogopa, na akikujibu, andika jibu lake kama alivyolisema.

Na wewe usiye na kalamu, sikuombi hasira. Hasira nilikuwa nayo mimi, ikamgharimu Mama Tausi matone kumi na mawili. Ninachokudai ni siku na jambo. Yule wa bombani, unalijua jina lake. Unajua ilikuwa wiki ya mitihani au wiki ya mfungo, unajua ulikuwa unafanya nini uliposikia, na nani alitoka nje kwanza. Acha kusoma. Vaa viatu. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii, taja jina lako kamili, sema uliona nini na lini, na usitoke humo mpaka wakuandike. Usiseme kesho. Wanafunga saa tisa na nusu.